Kumpa Mtu Jina Kabla Hajajitaja

Usiku wa Oktoba 14, 2008, Stephen Harper alishinda uchaguzi mkuu wa Kanada kwa mara ya pili. Chama chake cha Kihafidhina kilipanda kutoka viti 124 hadi 143. Anayesikia hivyo atadhani wananchi wengi zaidi walimkimbilia. Hawakumkimbilia. Wahafidhina walipata kura chache kuliko zile za uchaguzi uliotangulia wa 2006, pungufu ya takriban 165,000. Kilichowaongezea viti ni kwamba wapinzani wao wakuu, Waliberali, walipoteza kura zaidi ya 800,000. Baadhi ya kura hizo zilihamia vyama vingine, lakini ukijumlisha kura zote zilizopigwa nchi nzima unakuta zimeshuka kwa karibu milioni moja. Waliojitokeza hawakufika asilimia 59 ya waliojiandikisha, kiwango cha chini kabisa katika historia ya uchaguzi mkuu wa nchi hiyo.

Ninapoulizwa kama matangazo ya kumshambulia mpinzani yanafanya kazi, huanza na hesabu hiyo. Wengi wetu tunaamini anayelipia tangazo la kumchafua mwenzake anataka kutuvuta tumpigie yeye. Mara nyingi hana haja hiyo. Anachotaka ni wewe uliyekuwa umpigie mpinzani wake uingiwe na shaka kidogo, hamu ipungue, na siku ya kura ikifika uone kuna mvua, foleni ni ndefu, na mtu mwenyewe hata hakuridhishi. Kanada inachagua wabunge kama tunavyochagua wetu: anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anachukua kiti. Kumhamisha mpiga kura kutoka kwa adui kuja kwako kuna faida maradufu, maana adui amepungukiwa na wewe umeongezewa. Kumfanya abaki nyumbani kuna faida nusu ya hiyo, lakini gharama yake ni ndogo mno. Huna haja ya kumshawishi akupende. Unamwondolea tu sababu ya kutoka.

Aliyeangukiwa na hesabu hiyo mwaka 2008 ni Stéphane Dion. Alikuwa profesa wa sayansi ya siasa kutoka Quebec na waziri wa zamani wa mazingira, mtu aliyeuthamini mkataba wa tabianchi kiasi cha kumwita mbwa wake Kyoto. Mwanzoni mwa Desemba 2006, mjini Montreal, Waliberali walimchagua kuwa kiongozi wao baada ya kutokea nyuma na kuwapita waliotazamiwa kushinda. Nje ya Quebec, Wakanada wengi walikuwa bado hawajamfahamu. Alihitaji miezi kadhaa ya kuzunguka, kupeana mikono, kusikika redioni, watu wazoee lafudhi yake na wajue anasimamia nini.

Hakuipata miezi hiyo. Mwishoni mwa Januari 2007 Wahafidhina walizindua matangazo ya televisheni dhidi yake, wakayarusha hata wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, saa ambayo hata asiyejali siasa amekaa mbele ya runinga. Ujumbe ulikuwa mfupi: Dion si kiongozi. Wakati huo hakuna uchaguzi uliokuwa umeitishwa, na haukuja kuitishwa mpaka Septemba ya mwaka uliofuata.

Kisu chenyewe kilitoka jikoni kwa Waliberali. Katika mdahalo wa kuwania uongozi wa chama, mshindani wake Michael Ignatieff alimkabili mbele ya kamera akisema serikali yao haikuifanya kazi ya mazingira kama ilivyoahidi. Dion alijibu kwa sauti ya mtu anayelalamika kwamba hiyo si haki, akauliza kama mwenzake anadhani ni rahisi kupanga vipaumbele. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahafidhina hawakulazimika kutunga neno lolote. Walikata sekunde chache za mdahalo huo na kuzirudia mpaka watu wakazikariri.

Kuna jambo hapa linaloniuma, na nadhani msomaji wa Kiswahili ataliona upesi kuliko Mkanada anayezungumza Kiingereza peke yake. Dion alikuwa akijibu katika lugha yake ya pili, tena kwa pupa, chini ya taa kali. Sisi tunaozungumza lugha mbili au tatu kwa siku tunajua jinsi mtu mwenye akili nyingi anavyoweza kuonekana mnyonge kwa sababu tu neno limemchelewa. Tangazo lilichukua kuchelewa huko kwa neno likakugeuza kuwa kasoro ya tabia. Mtazamaji hakuambiwa kwamba Dion ana makosa katika sera. Alioneshwa tu mtu akihangaika, akaachiwa ajihukumie mwenyewe. Hukumu ambayo mtu ameifikia mwenyewe ni ngumu kuibatilisha.

Swali la kitaalamu ni kwa nini Waliberali hawakujibu. Jibu liko katika fedha. Kwa miongo mingi chama hicho kiliishi kwa michango mikubwa ya makampuni. Kuanzia 2004, sheria aliyoipitisha Waziri Mkuu wao wenyewe, Jean Chrétien, ilibana michango hiyo, na kuanzia 2007 sheria ya Harper ikaipiga marufuku kabisa, pamoja na ile ya vyama vya wafanyakazi. Kilichobaki ni mwananchi mmoja mmoja, kwa kikomo cha takriban dola 1,000 kwa mwaka. Wahafidhina walikuwa wameshajenga orodha ya maelfu ya wachangiaji wadogo, watu wa dola 50 au 100, na mwaka 2007 walikusanya zaidi ya mara tatu ya walichokusanya Waliberali. Dion alipigwa huku hana hata senti za kununua muda wa kujibu kwa kiwango kile kile.

Michango midogo ina tabia yake. Mtu hatoi dola 100 kwa sababu amesoma ilani akairidhia. Anatoa akiwa ameudhika au ameogopa. Ndiyo maana tangazo la kushambulia mara nyingi linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linamchoma mpinzani kwenye televisheni, na linatumwa kwa wafuasi pamoja na ombi la fedha za kulirusha zaidi. Serikali nayo inachangia bila kutajwa. Mkanada akikipa chama dola 400, sheria ya kodi inamrudishia 300. Baada ya uchaguzi, chama kilichofikisha kiwango fulani cha kura kinarudishiwa nusu ya gharama zake halali za kampeni. Mlipakodi aliyelichukia tangazo anakuwa ameligharimia kwa sehemu.

Sababu nyingine ni kalenda. Kanada ina sheria kali kuhusu matumizi ya kampeni kuliko jirani yake Marekani. Tangu uchaguzi unapoitishwa hadi siku ya kura, kila chama kina kikomo cha matumizi, na makundi yasiyo vyama yana kikomo chao kidogo zaidi. Harper mwenyewe, kabla hajawa Waziri Mkuu, aliipinga mahakamani sheria ya kuyabana makundi hayo akiwa kiongozi wa shirika la kiraia. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 2004 akashindwa. Lakini vikomo hivyo vyote vilihesabiwa kuanzia uchaguzi unapoitishwa. Kabla ya siku hiyo, chama kilikuwa huru kutumia chochote kilichonacho. Aliyekuwa na fedha mwezi Januari, mwaka na zaidi kabla ya kura, alikuwa peke yake uwanjani.

Tom Flanagan, profesa wa Calgary aliyewahi kuendesha kampeni za Harper, ameandika kwa uwazi juu ya zama hizo za kampeni isiyokoma. Kutoka kwake tunajua pia jinsi mtaalamu wa mikakati Patrick Muttart alivyowagawa wapiga kura katika wahusika wa kubuni wenye majina. Kulikuwa na Zoe, mwanamke kijana wa katikati ya jiji, mpenzi wa yoga, ambaye Wahafidhina hawangempata hata wafanyeje, kwa hiyo hawakupoteza dola juu yake. Kulikuwa na wanandoa wenye watoto, ambao kura yao ingeweza kuyumba. Tangazo lilitengenezwa kwa ajili ya sebule ya wanandoa hao, lipite kati ya taarifa ya habari na kipindi cha michezo, liseme jambo ambalo mume anaweza kulirudia kwa mkewe kwa sentensi moja. Zoe akikasirika, hakuna hasara.

Kushambuliana huku hakukuanza na televisheni. Mwaka 1935 Wahafidhina wa R. B. Bennett walirusha redioni mfululizo wa michezo ya kuigiza yenye mhusika aitwaye Mr. Sage, mzee mwenye busara aliyekuwa akipiga soga na majirani zake kuhusu maovu ya kiongozi wa Waliberali, Mackenzie King. Matangazo ya mwanzo hayakusema nani aliyelipia. Msikilizaji alidhani anasikia mchezo wa kawaida, kumbe ni kampeni. King alishinda uchaguzi huo kwa kishindo, na hakusahau. Sheria ya utangazaji ya 1936, ile iliyounda shirika la CBC, ilipiga marufuku maigizo ya kisiasa redioni na kudai anayelipia matangazo ya siasa ajulikane. Naipenda habari hiyo kwa sababu inaonesha kwamba Wakanada walilitambua tatizo mapema: mashambulizi yana nguvu zaidi yanapomfikia mtu akiwa hajajihami, akidhani anasikiliza jambo jingine.

Mwaka 1988 ufundi ulikuwa umekomaa. Uchaguzi ule ulikuwa juu ya mkataba wa biashara huria na Marekani. Waliberali wa John Turner walirusha tangazo lililoonesha wapatanishi wa nchi mbili mezani. Mmarekani anasema kuna mstari mmoja tu angependa kuubadilisha, kisha kifutio kinapita juu ya ramani na kuufuta mpaka wa Kanada. Likawagusa watu, na Wahafidhina wa Brian Mulroney wakaanza kushuka. Mtaalamu wao wa kura za maoni, Allan Gregg, aliona kwamba kuutetea mkataba kifungu kwa kifungu kungekuwa kazi ya bure. Woga wa watu ulikuwa upande mmoja wa mto, kura za Waliberali ng'ambo ya pili, na daraja lililounganisha pande hizo lilikuwa imani ya watu kwa Turner. Basi walilipua daraja. Matangazo yao yalimwonesha Turner kuwa mtu anayewatisha watu ili ajiokoe kisiasa. Woga wa mkataba ulibaki, ila haukuwa tena na pa kuvukia. Mulroney alipata viti 169 kati ya 295.

Miaka mitano baadaye chama hicho hicho kilikosea kwa namna ambayo bado inafundishwa. Chrétien alizaliwa katika familia ya kawaida kijijini Quebec, na tangu utotoni upande mmoja wa uso wake ulikuwa umepooza. Katikati ya Oktoba 1993 tangazo la Progressive Conservative lilionesha picha za karibu za uso huo, mdomo ukiwa umepinda, huku sauti za watu zikiuliza kama huyu ndiye Waziri Mkuu, na moja ikisema ingeona aibu. Simu za hasira zilifurika, hata kutoka kwa wagombea wa chama hicho hicho. Waziri Mkuu Kim Campbell aliagiza liondolewe, na kwa muda wa takriban siku moja likawa limetoweka hewani. Chrétien alijibu kwa utulivu kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyomuumba, na kwamba alishazoea kuchekwa tangu akiwa mtoto. Kura zilipohesabiwa Oktoba 25, chama kilichokuwa kikitawala kilibaki na viti viwili.

Husemwa kwamba tangazo lile liliua chama. Siamini kuwa ni rahisi hivyo. Wahafidhina walikuwa tayari wanazama: uchumi ulikuwa mbaya, kodi mpya ya mauzo iliwaudhi watu, magharibi ya nchi ilikuwa imehamia chama cha Reform na Quebec imeelekea Bloc Québécois. Tangazo lilichofanya ni kuwaruhusu watu waliokuwa na mashaka bado waondoke bila kuona haya. Kilichokosewa pia huwa hakielezwi sawasawa. Wengi husema kosa ni ukatili. Ukatili ulikuwapo, na ni wa kulaaniwa, lakini matangazo mengine ya kikatili yamefaulu. Chrétien alikuwa mbele ya macho ya Wakanada kwa miaka 30. Alikwisha kujitambulisha. Walishauona uso ule, wakauzoea, wengi wakaupenda. Kumpa jina jipya mtu ambaye kijiji kizima kinamjua kwa jina lake ni kujiaibisha mwenyewe.

Uthibitisho mzuri kuliko wote wa jambo hili ni chaguzi mbili zilizofuatana, zenye mshambuliwa mmoja na washambuliaji wale wale. Mwaka 2004 Harper alikuwa kiongozi mpya wa chama kilichotoka kuunganishwa. Waliberali wa Paul Martin walirusha matangazo ya kutisha, yenye bunduki na vifaru, wakidai Harper angeigeuza Kanada iwe nchi isiyojitambua. Wakanada hawakumjua vya kutosha kuweza kubisha, na Martin akaokoka na viti 135 dhidi ya 99. Kampeni iliyoishia Januari 2006 ilikuwa ndefu, siku 55, na Harper aliitumia kwa nidhamu. Alitoa ahadi moja kwa siku, mojawapo ikiwa kupunguza kodi ya mauzo kutoka asilimia 7 hadi 5. Siku baada ya siku watu walimwona mtu mwenye koti na tai akizungumzia kodi na malezi ya watoto. Waliberali walipotoa tena mashambulizi, likiwamo moja lililoonya kwamba Harper angeweka wanajeshi wenye silaha mijini, walichekwa. Liliondolewa kabla hata ya kurushwa hewani, lakini lilikuwa limeshaonekana. Maneno yalikuwa ya aina ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtazamaji alikuwa na kitu cha kulinganishia.

Ndipo Harper alipotoka na somo lake. Kama miezi ya kujulikana ndiyo iliyomwokoa yeye, basi wapinzani wake wasiipate. Dion alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Ignatieff mwenyewe, yule yule ambaye maneno yake yalitumiwa kumchoma Dion. Alikuwa mwandishi na mwanahistoria mashuhuri aliyeishi Uingereza na Marekani kwa karibu miaka 30, akafundisha Harvard, kisha akarudi nyumbani 2005. Mwezi Mei 2009, mara tu alipothibitishwa kuwa kiongozi, matangazo yalianza: huyu yuko matembezini tu, hakurudi kwa ajili yenu. Uchaguzi ulikuja miaka miwili baadaye, Mei 2011, na Waliberali wakabaki na viti 34, idadi ndogo kuliko zote katika historia yao. Ignatieff alipoteza hata jimbo lake la Toronto.

Katika kitabu alichokitoa 2013, Fire and Ashes, Ignatieff alieleza alichonyang'anywa kwa usahihi kuliko mchambuzi yeyote. Matangazo hayakubishana na mawazo yake. Yalimnyima haki ya kusikilizwa. Akizungumza juu ya pensheni au elimu, mtu aliyekuwa akimsikiliza hakuuliza kama hoja ni nzuri. Aliuliza mgeni huyu anatuambia nini. Kwa Waswahili waliotawanyika kati ya Muscat, London na Toronto, jambo hili halihitaji maelezo. Kila aliyekaa ughaibuni miaka mingi akarudi amekutana na macho yanayomuuliza amerudi kufanya nini. Wahafidhina walichukua swali hilo la kibaraza, wakalipa bajeti ya mamilioni.

Mkakati ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulionekana mapema. Septemba 2008 tovuti ya kampeni dhidi ya Dion iliweka katuni ya ndege wa baharini akiruka na kumnyea begani. Harper alilazimika kuomba radhi. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba mtazamaji ana kizingiti cha heshima, na ukikivuka anahama kutoka kukusikiliza na kuanza kukuangalia wewe.

Wa tatu alikuwa Justin Trudeau. Alichaguliwa kiongozi Aprili 14, 2013, na kesho yake tangazo likawa tayari, likitumia picha zake akivua shati katika hafla ya hisani ya kuchangia wagonjwa wa ini. Safari hii Waliberali walikuwa wamejifunza, na walikuwa na fedha. Jibu la Trudeau lilianza na lile lile tangazo la Wahafidhina likicheza kwenye televisheni. Yeye anaizima, kisha anazungumza na mtazamaji akiwa ndani ya darasa, akikumbusha kwamba alikuwa mwalimu na anajivunia. Hakukanusha chochote. Alijitaja.

Mwaka 2015 Wahafidhina walitoa tangazo ambalo kwa ufundi tu naliweka juu ya yote. Watu wa kawaida wamekaa mezani kama kamati ya ajira, wanapitia maombi ya kazi ya Trudeau. Hawana hasira. Mmoja anasema pengine siku moja, lakini si sasa. Bado hajawa tayari. Mwingine anazisifu nywele zake. Lilimpa mpiga kura aliyempenda Trudeau njia ya heshima ya kutompigia: si kwamba humtaki, ni mapema tu. Na kwa muda lilifanya kazi. Katika kura za maoni za kiangazi kile Waliberali walikuwa wa tatu.

Kisha Wahafidhina wenyewe wakaliua tangazo lao. Harper aliitisha uchaguzi Agosti 2 kwa ajili ya kura ya Oktoba 19, kampeni ya siku 78, ndefu kuliko zote tangu karne ya 19. Sheria iliruhusu kikomo cha matumizi kupanda kulingana na siku, kikafika takriban dola milioni 54, na wao ndio waliokuwa na fedha nyingi. Kwa hesabu ya mfuko lilionekana jambo la busara. Kwa hesabu ya macho ya watu lilikuwa kosa, kwa sababu lilimpa Trudeau wiki 11 za kuonekana. Tangazo lilikuwa limeshusha matarajio chini sana. Msemaji mmoja wa Wahafidhina alifikia kusema kwamba Trudeau akipanda jukwaani bila kusahau kuvaa suruali atakuwa amevuka matarajio. Alipanda, akajibu maswali, hakuanguka. Kila mdahalo uliopita ukawa ushahidi dhidi ya tangazo. Waliberali walitoka nafasi ya tatu bungeni hadi viti 184 kati ya 338.

Katika kampeni hiyo hiyo kulikuwa na shambulio la namna nyingine, na siwezi kulipita. Mwanamke mmoja Mwislamu alikuwa ameshinda mahakamani haki ya kula kiapo cha uraia akiwa na nikabu. Wahafidhina waliendelea kupambana naye mahakamani na majukwaani, kisha mwanzoni mwa Oktoba mawaziri wawili wakaahidi namba ya simu ambayo watu wangeripotia kile walichokiita desturi za kishenzi. Bloc Québécois nao walikuwa na tangazo ambalo tone la mafuta linageuka kuwa nikabu, likilenga New Democratic, chama kilichoitetea haki ya mwanamke huyo. New Democratic kiliporomoka Quebec kutoka viti 59 vya mwaka 2011 hadi 16. Naheed Nenshi, meya wa Calgary wakati ule, mtoto wa wahamiaji kutoka Tanzania, alisimama hadharani kulaani siasa hizo. Dion na Ignatieff walikuwa wamejitolea kuingia ulingoni, walijua watapigwa. Mwanamke anayekwenda kula kiapo cha uraia hakugombea chochote. Tunaosomea kazi hii tuna mazoea ya kuuliza tu kama shambulio limefaulu, na mazoea hayo yametufanya tuzungumzie nikabu ya 2015 kama hatua ya mchezo. Ilikuwa ni kuwapa jina baya watu ambao hawakuwa na bajeti, muda wa hewani wala mdahalo wa kujitetea.

Bunge lilijaribu kuifunga kalenda. Sheria iliyopitishwa Desemba 2018 iliweka kipindi cha kabla ya kampeni, kinachoanza Juni 30 ya mwaka wa uchaguzi uliopangwa. Katika kipindi hicho vyama vina kikomo cha matangazo, takriban dola milioni 2 kwa kila chama mwaka 2019, na makundi mengine nayo yana kikomo chao. Majukwaa ya intaneti yalitakiwa kuweka rejista ya matangazo ya siasa. Google ikaona afadhali isiyapokee kabisa. Mwaka 2019 sheria ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kisha uchaguzi wa 2021 ukaitishwa mapema, miaka miwili kabla ya wakati. Wa 2025 nao ukaitishwa mapema, Machi, kwa kura ya Aprili 28. Mara zote mbili kipindi cha Juni 30 hakikuwahi kuanza.

Huo wa 2025 ulikuwa mtihani wa kila kitu nilichokieleza. Kwa zaidi ya miaka miwili Wahafidhina wa Pierre Poilievre walikuwa wamempa Trudeau jina moja tu, mtu wa kodi ya kaboni, na mwanzoni mwa Januari 2025 waliongoza kura za maoni kwa zaidi ya pointi 20. Trudeau akatangaza kujiuzulu. Donald Trump naye akazidi kutishia ushuru na kusema Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani. Waliberali wakamchagua Mark Carney, na Wahafidhina wakajaribu haraka kumvika jina la mtangulizi wake, wakimwita Carney wa Kodi ya Kaboni. Siku aliyoapishwa, Machi 14, Carney alitia saini kuifuta kodi hiyo kwa watumiaji wa kawaida. Tena alikuwa mtu aliyejulikana kwa kazi yake: gavana wa Benki Kuu ya Kanada wakati wa msukosuko wa fedha wa 2008, kisha gavana wa Benki Kuu ya Uingereza. Usiku wa kuamkia kuitishwa kwa uchaguzi alitoka na tangazo akiwa kando ya uwanja wa hoki na mchekeshaji Mike Myers, wote wamevaa jezi za Kanada, wakitaniana juu ya nini kinamfanya mtu awe Mkanada. Hakuna aliyeshambuliwa kwa jina, na kila mtazamaji alijua anayejibiwa ni nani. Waliberali walipata viti 169 kati ya 343, na Poilievre akapoteza jimbo lake la Carleton alilolishikilia kwa miaka 20.

Chini ya sheria ya sasa, uchaguzi unaofuata unapaswa kufanyika Oktoba 2029. Kikomo cha matangazo ya kabla ya kampeni kitaanza kuhesabiwa Juni 30 ya mwaka huo, ikiwa uchaguzi hautaitishwa mapema. Kuanzia sasa hadi hapo, chama chenye fedha kinaweza kununua dakika yoyote ya hewani kinayoitaka, ikiwemo ya Super Bowl.